Kila Mnyama Alitoka Fisi

Nimestaafu mwaka huu. Najua neno lenyewe linawachekesha, maana kustaafu ni kwa wenye mvi, watu wanaoagwa kwa keki na kupewa godoro, na mimi sijafika hata miaka thelathini. Lakini kazi imekwisha, na mtu aliyemaliza kazi anaitwa mstaafu, hata kama bado anasuka rasta. Shija, mwenzangu wa karakana ya vibao pale Ngokolo, Shinyanga, ndiye aliyesema niwaandikie ninyi mliokuja nyuma yangu. "Andika mambo ya mbao," aliniambia, "wewe ndiye uliyekuwa unaelewana nazo." Basi naandika, kwa simu, kwa kidole gumba, kwa sababu siku hizi kalamu inaniandikia mambo yake yenyewe. Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Naliweka hilo mapema ili msihangaike kulitafuta mbele huko. Mambo ya malipo nayaruka, hayana hadithi.

Nilikuja Shinyanga nikitoka Geita, mwaloni. Kwa wasiojua, mwalo ni pale mawe ya dhahabu yanapooshwa yakishasagwa kwenye karasha. Mimi nilikuwa kwenye hatua ya mwisho: unamwagia zebaki mchanga ulioko kwenye beseni, unaukanda kwa mikono kama unga wa chapati mpaka zebaki ikusanye dhahabu yote, halafu unaikamua kwa kitambaa na kuichoma juu ya jiko la mkaa. Nilianza nilipomaliza darasa la saba. Tulikuwa wasichana wengi, tunaimba kutwa. Na zebaki inapendeza, jamani. Ukiiweka kiganjani inakimbia kama kitu chenye furaha. Nilikuwa naichezea nikiwa sina kazi, natazama mawingu yanavyopita ndani yake.

Muda mwingine wote nilikuwa nachora. Nilichora kwa mkaa wa jiko lile lile, popote palipo na nafasi. Siku moja akaja mzee mwembamba mwenye kofia, Fundi Rama, mzaliwa wa Tanga aliyehamia Shinyanga kabla sijazaliwa, kuandika kibao cha mgahawa. Akaingia chooni, akatoka anauliza kwa sauti, "Nani kamchora korongo mlangoni?"

Nikaogopa. "Shikamoo. Ni mimi, baba."

"Marahaba. Mlango wenyewe umepinda, lakini korongo kasimama wima. Ulijuaje mguu wake unakunjikia nyuma?"

"Nilimwona bwawani."

"Watu wote wanamwona bwawani," akasema. Akaandika namba yake ya simu kwa chaki ubavuni mwa beseni langu.

Siku yangu ya kwanza karakana nilivaa gauni la kanisani. Nilifikiri nitapewa brashi. Fundi Rama akanipa msasa na ubao, akasema nisugue kufuata nyuzi za mti, nisizikate. Nikasugua mpaka mabega yakawaka. Nilipompelekea, alifumba macho akapitisha kiganja, akasimama katikati. "Hapa ulikuwa unawaza nini?"

"Sikuwaza kitu."

"Ulikuwa unawaza chakula. Rudia." Na kweli, nilikuwa nawaza maandazi. Wale wanaume waliokuwepo wakaniita Binti Msasa kwa muda mrefu, na gauni sikulivaa tena kanisani, maana vumbi la mbao liliingia kwenye pindo likakataa kutoka.

Utaratibu wa karakana yetu mnaujua, lakini hamkuona ulivyoanza, basi niuseme. Mnyama anaanza kwa mgongo. Unachukua mkaa wa vijiti vya pamba, vile vinavyobaki shambani baada ya mavuno, uliochomwa ndani ya kopo lililofungwa, unaanzia nyuma ya sikio na kushuka mpaka mkia bila kuinua mkono. Ukikosea haufutwi kipande. Unafuta ubao mzima kwa kitambaa chenye maji na kuanza upya. Na hakuna mtu anayegusa mgongo wa mwenzake. Fundi Rama alisema mgongo ndio uzito wa mnyama, na uzito hauungwi viraka. Mbuzi wangu wa kwanza, wa kibao cha bucha, alinichukua wiki nzima. Nilipompata, Fundi Rama alimtazama sana, akasema, "Huyu ukimchinja atapiga kelele." Niliishi kwa maneno hayo mwaka mzima.

Kazi nyingi zilikuwa vibao: saluni, maduka ya dawa, gereji, makanisa yanayogawanyika na kuhitaji kibao kipya. Herufi nilikuwa nazifanya kama mtu anayekula mboga ili afikie nyama. Kuna baba mmoja kutoka vijijini alinitajia jina la mgahawa wake nami nikaandika kama nilivyosikia, MGAHAWA WA MAMA LEHEMA, kwa rangi nyekundu yenye kivuli cha njano. Akakasirika. "Mwanangu haitwi hivyo!"

"Anaitwaje?"

"Lehema!"

"Ndivyo nilivyoandika, baba."

"Hujaandika Lehema, umeandika Lehema!" Shija, ambaye naye ni Msukuma kama mimi, alijificha nyuma ya mabati akicheka mpaka akapaliwa. Ilibidi Fundi Rama, mtu wa pwani, aje kututenganishia R na L. Tangu hapo nasisitiza: mteja aandike jina kwa mkono wake mwenyewe kabla hujafungua kopo.

Mkono ulianza na herufi hizo hizo. Kwanza nilidhani ni brashi. Nikibadilisha brashi, mkia wa herufi R bado unatoka na mawimbi. Nikadhani ni chai ya rangi, nikaacha chai. Nikaanza kutumia fimbo ya kuegemeza mkono hata kwenye herufi kubwa zisizohitaji fimbo. Kilichonishangaza ni kwamba mkono ukipumzika unatulia, mzuri tu, kama wa mtu yeyote. Unasubiri nitake kitu kizuri ndipo utetemeke.

Daktari alinishika vidole, akaniambia niguse pua yangu halafu niguse kidole chake. Nikakikosa. Akauliza kama nimewahi kufanya kazi na zebaki. Nikacheka, "Daktari, Geita nani hajawahi?" Yeye hakucheka. Alisema inawezekana kabisa ndiyo iliyoniharibia mishipa, na kwa kuwa miaka imepita hawezi kuniahidi kwamba itapona. Alisema nikae mbali nayo. Nilikuwa nimeshakaa mbali nayo muda wote huo, nikipaka rangi na kujiona nimeokoka.

Fundi Rama hakuhitaji kuambiwa. Taratibu, bila neno, herufi zikaanza kwenda kwa Shija, na mbao zikaanza kuja kwangu. Ndiyo maana mnanijua kama mtu wa mbao. Kusugua, kuziba, kupaka praima kwa rola: kazi hizo zinataka mkono mpana, na mkono mpana ulikuwa bado ni wangu. Nilikuwa nachekesha watu kutwa. Jioni nilikuwa nakaa uani kwa mama mwenye nyumba nikijaribu kuchora mgongo wa kuku wake ardhini kwa kijiti.

Ndipo ikaja kazi ya Mama Kulwa. Mama huyu ana nyumba ya wageni na mgahawa kando ya barabara kubwa, nje ya mji wa Geita, upande wanaopita wanaokwenda mbugani. Alitaka wanyama kwenye uzio wa mbele, wakubwa, wanaoonekana na mtu aliye ndani ya basi. Ukuta wake ulikuwa unatoa chumvi, rangi isingedumu, kwa hiyo tukakubaliana kupaka juu ya mbao kisha zifungwe ukutani. Twiga, tembo, pundamilia, swala. Hakuna hata herufi moja. Tangu siku ya gauni la kanisani nilikuwa naota kazi ya namna hiyo. Nilikuwa nimeshaichora kichwani mara nyingi sana, hata mawingu yake nilikuwa nayajua.

Nikamwendea Fundi Rama. "Fundi, naomba hii."

Alikuwa anasafisha brashi. Alizisafisha zote kwanza. "Andaa mbao," akasema. "Nenda na Shija. Mgongo wa twiga ukikubali, kazi yote ni yako na Shija atakuchanganyia rangi. Ukikataa, ni ya Shija." Kisha akaongeza, polepole, "Na ukikataa, Milembe, usirudi tena kwenye brashi. Utajiumiza."

Sasa sikilizeni namna ya kuandaa mbao za kukaa nje, maana hapa ndipo nilipo na la kuwafaa. Msikubali plaiwudi ya kawaida. Mvua mbili tu inafumuka kama andazi. Tulichukua marini, ile inayohimili maji, tukaikata na kuipigia fremu kwa nyuma ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Kingo ndiko maji yanakoingilia, kwa hiyo kingo zipakeni praima kwanza, mara nyingi, mpaka zikatae kunywa. Pakeni na upande wa nyuma. Mtu akikuambia nyuma hakuonekani, mwambie ubao uliopakwa upande mmoja unapinda kama ulimi wa ng'ombe. Kati ya koti na koti la rangi, msasa laini, kisha kitambaa chenye unyevu, kwa sababu malori ya barabara ile yanaleta vumbi jekundu linalokaa juu ya praima kama limealikwa. Mnapozifunga ukutani acheni mwanya wa unene wa sarafu kati ya ubao na ubao, zipate pa kuvimbia, na msizigusishe chini. Fungeni kwa skrubu, misumari inang'oka.

Zile mbao nilizipenda sana. Nilizipaka nikiziongelesha. Zilipofungwa zote ukutani, nyeupe, zimenyooka, hata malori yalikuwa yanapunguza mwendo kidogo, na kondakta mmoja akapiga kelele, "Mmeandaa sinema?" Mama Kulwa akatoka na mpishi wake, Suzana, wakasimama wakizitazama kama vile wanyama wameshafika. "Wabeja, mwanangu," akanishukuru kwa Kisukuma. "Sasa niletee twiga."

Asubuhi ya kuanza tulipiga uzi wa chaki kwa miraba, Shija akashika ncha moja nami nyingine, kuhamisha mchoro mdogo uende mkubwa. Uzi hauna shida, uzi unaurusha tu unajipiga wenyewe. Kisha nikapanda ngazi na mkaa wangu wa pamba. Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa. Nikaanzia nyuma ya sikio.

Shingo ya twiga ni mstari mrefu kuliko yote katika kazi hii, na ulinionyesha yote. Ulishuka kwa mawimbi madogo madogo, kama maji ya beseni mtu anapopita karibu. Nikafuta. Nikarudia. Nikaegemeza mkono kwenye fimbo, Shija akiishika fimbo ili isicheze. Nikafuta. Nikajaribu kwa mkono wa kushoto, mjinga lakini mtulivu, ukatoa twiga aliyeteguka. Nikafuta.

"Anza na tembo," Shija akasema. "Tembo ana makunyanzi, atasamehe."

Nikaanza na tembo. Mama Kulwa alikuwa ameleta kiti akakaa kivulini. "Huyu ni nani?" akauliza.

"Tembo, mama."

"Mbona ananyata?"

Suzana naye akachungulia akiwa na mwiko mkononi. "Na mbona nywele zimemsimama? Ana baridi?"

Nikacheka nao. Nikamfuta tembo, nikajaribu swala. Swala alitoka na mgongo umechakaa, mabega juu, kiuno chini, manyoya yamesimama kuanzia shingoni. Pundamilia hivyo hivyo. Mimi najua mwili wa pundamilia, naujua kama uso wangu, lakini kila nilipoacha mkono ushuke, mtetemo uliuinamisha mstari, na mgongo ukaporomoka upande wa nyuma. Ni Suzana aliyesema tulichokuwa tunakiona sote. Aliachia mwiko ukaanguka. "Mbiti!" akasema kwa Kisukuma. "Mama, huyu dada kila anayemchora anatoka fisi!"

Shija akaangua kicheko. Kisha akaniona usoni, akainama kuokota mwiko.

Sijui kilichoniingia. Ubao wa mwisho ulikuwa bado safi. Nikasogeza ngazi mwenyewe, nikachukua mkaa, na safari hii sikupigana. Nikasema, haya, kama ni fisi, njoo basi. Nikaanzia nyuma ya sikio, nikaacha mkono utetemeke utakavyo. Mtetemo ukawa manyoya. Mporomoko wa kiuno ukawa kiuno. Mgongo wote ulishuka mara moja, sikuinua mkono, haukuhitaji kufutwa hata nukta. Nikaweka miguu, nikaweka taya, nikachovya brashi kwenye nyeusi nikaweka jicho. Nikashuka, nikarudi nyuma mpaka ukingo wa lami kumtazama.

Alikuwa hai. Sijawahi kuchora kitu hai namna ile, wala mbuzi wa bucha, wala korongo. Alikuwa amesimama pale mwishoni mwa uzio akimtazama kila anayepita, mnyonge, mwenye njaa, mwenye aibu kidogo. Nilifurahi. Nasema kweli, kwa dakika chache nilifurahi kuliko siku zote za maisha yangu, na nikaanza kufikiria uzio mzima wa fisi, familia nzima ya fisi, wengine wamelala.

Mama Kulwa alikuwa amesimama. Kiti chake kilikuwa kimeanguka nyuma yake.

"Mtoe," akasema.

"Mama, mtazame kwanza."

"Nimemtazama ndiyo maana nasema mtoe. Mwanangu, wewe si wa hapa? Fisi mlangoni kwangu? Wageni watalala hapa? Kesho watu watasema nimepata nyumba kwa sababu nina fisi wangu, namtuma usiku, nampanda. Wataniua, Milembe. Si utani, wataniua kweli, na wewe unajua wanawake wazee wanauawa kwa kidogo kuliko hicho."

Nilijua. Kila aliyekulia kwetu anajua mchawi anapanda nini. Alikuwa analia, na hakuwa amekosea hata neno moja.

Fundi Rama alifika kwa basi siku iliyofuata, Shija alikuwa amempigia. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama, akaenda moja kwa moja mpaka ubao wa mwisho. Alifumba macho akapitisha kiganja hewani, karibu na mgongo wa fisi, bila kuugusa. Nilisubiri utani. Hata tusi ningelipokea.

"Huu ndio mgongo mzuri kuliko yote iliyotoka karakana yangu," akasema.

"Fundi, ninaweza kufanya fisi tu."

"Nimeona."

"Labda tupate mteja anayetaka fisi."

"Usukumani?" Akavua kofia, akaivaa tena. "Binti yangu, mimi ningemnunua. Ningemweka chumbani kwangu. Lakini mimi nina chumba kimoja, na wewe una maisha yote mbele."

Kwa utaratibu wetu hakuna anayegusa mgongo wa mwenzake, kwa hiyo kumfuta ilikuwa kazi yangu. Hapa nilifanya kosa ambalo ninyi msilifanye. Mkaa lazima ufutwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya kupaka juu yake, vinginevyo unapanda. Nilishindwa kumsugua kwa kitambaa. Niliona kama namsugua usoni. Nikachukua rola na praima nyeupe, nikampaka hivyo hivyo. Rola haijali mkono unatetemeka au hautetemeki, inakwenda tu. Alipokauka, akarudi, wa kijivu, nyuma ya weupe, anatazama. Nikapaka koti la pili. Likabaki jicho. La tatu ndilo lililommaliza, na ubao ukawa safi, umenyooka, kazi nzuri ya mwandaaji.

Shija akaja na mkaa kwenye ubao wa kwanza. Hakutaka kuanza nikiwa pale, nikamwambia asiwe mjinga, apande, twiga anasubiri. Akapanda. Ngazi ilikuwa imesimama kwenye kokoto, nikaenda kuishika kwa mikono yote miwili, kama tulivyofanyiana miaka yote. Akaweka mkaa nyuma ya sikio, akavuta pumzi, halafu akasimama hivyo hivyo bila kushusha mstari. Akauinua, akauweka tena, akasimama tena. Mara ya pili.

"Nini?" nikamuuliza.

Akauondoa mkaa ubaoni. Kisha akasema, kwa upole sana, bila kuangalia chini, "Dada Milembe, iachie tu ngazi. Inatikisika."

Nikaiachia.